Sahihi Mbili Kwenye Ukuta Mmoja

Kama gazeti la wiki iliyopita ulifungia vitunguu kabla hujalisoma, sikulaumu. Nipe dakika moja tu nikuvute mpaka tulipofika.

Mimi ni fundi rangi. Watu huniita Sawasawa, kwa sababu tangu utotoni sijui kumkatalia mtu. Ukiniambia mbingu ni ya kijani, nitakuambia sawa, halafu nikuulize kijani kilichokolea au kilichopauka.

Namfanyia kazi shemeji, mume wa dada yangu, na nalala kwenye chumba chake cha uani. Nina mchumba. Kwao wanamwita Filimbi, kwa ule mluzi anaoupitisha kwenye mwanya wa meno. Miezi minne iliyopita baba yake alikamata barua niliyomwandikia, ya kumwomba tuoane. Wakagombana. Baba akamwambia achague, nyumbani au huyo mwandika barua. Filimbi akachukua begi, akahamia kwa rafiki yake mshonaji.

Baba yake, kama mama yake, hajawahi kuniona sura. Anachokijua juu yangu ni ile barua tu.

Wiki iliyopita niliwaacha pale shemeji alipopata kazi ya kupaka chumba kimoja. Nilimfuata nyuma, ngazi begani, domo mbele, mpaka tukasimama kwenye geti la bluu. Geti la kina Filimbi, na shemeji hakulijua. Na chumba cha kupakwa kilikuwa chake.

Ningeweza kusema, shemeji, hapa mimi siingii. Badala yake nilisema nini? Mnanijua. Nilisema sawa.

Sasa sikilizeni.

Shemeji ana utaratibu wake, na huo utaratibu ndio ulioniweka kwenye mtego. Hapaki chumba cha mtu kwa maneno ya mdomo. Mteja akisita kati ya rangi mbili, tunapaka viraka viwili ukutani, kila kimoja mikono miwili, yaani rangi mara mbili, ukubwa wa mto wa kulalia. Pembeni ya kila kiraka fundi anaandika kwa penseli jina la rangi, vipimo vya kuchanganya na tarehe. Mteja anaviangalia kwa mwanga wa mchana, anaviangalia tena kwa mwanga wa asubuhi, kisha anaweka sahihi yake ndani ya kiraka anachokitaka. Akishasaini, kwisha. Rangi ikipita juu yake, hawezi kuja kesho na kusema hakuchagua.

"Karatasi unaweza kuniambia imeliwa na panya," shemeji huwaambia wateja. "Ukuta utaniambia umeliwa na nani?"

Basi siku ya kwanza tulipaka viraka. Kimoja njano, njano ya kiini cha yai, ile ile iliyokuwa kwenye chumba hicho tangu Filimbi ana miaka kumi na miwili. Cha pili kijivu, kama wingu lililonuna. Maelezo ya pembeni niliyaandika mimi, kwa sababu mwandiko wa shemeji ni kama kuku aliyetoroka matopeni.

Nikaandika kwa raha zangu zote, na vimikia vya herufi nikavikunja kama ninavyopenda. Mjinga ni mimi.

Asubuhi ya pili shemeji aliniacha pale peke yangu, akaenda kuangalia kazi nyingine. Maagizo yalikuwa mafupi. Nisifungue mdomo bila sababu, na mteja akisaini, nipake.

Mzee, baba yake Filimbi, akaingia. Mwembamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha koo, kalamu mbili mfukoni. Akaviangalia vile viraka kwa karibu, akarudi nyuma, akafumba jicho moja, akafumba la pili. Nikamtania kwamba huo ukaguzi wake hata daktari wa macho hajaufikia.

Hakucheka. Akanieleza kwamba ni mazoea ya kazi. Miaka thelathini na moja alikaa benki, na kazi yake ilikuwa moja tu: kulinganisha sahihi. Hii ya leo na ile ya kwenye kadi, ni mkono mmoja au mikono miwili? Alisema aliwakamata wadanganyifu wengi kwa macho tu, na wengine walikuwa wakitabasamu kama mimi.

Mimi nikamwambia hongera sana mzee. Kichwani hakuna taa hata moja iliyowaka.

Akaniuliza ningekuwa mimi ningechagua rangi gani. Nikamwambia zote nzuri.

"Sijakuuliza kama ni nzuri."

Nikamwambia inategemea mtu mwenyewe. Akaniangalia kidogo, kama unavyoliangalia embe lililolainika upande mmoja.

"Njano ni rangi ya kumngojea mtu," alisema. "Mimi nimechoka kungojea. Nataka mahali pa kusomea magazeti yangu."

Akachomoa kalamu, akasaini kwenye kijivu. Akaniambia mkewe asijue mpaka niwe nimemaliza ukuta wa kwanza. Nikamwambia sawa mzee. Akaenda zake kwa kinyozi.

Kwa sheria ya shemeji, hapo nilitakiwa nifungue ndoo ya kijivu. Nilifungua ndoo ya nyeupe, nikapanda ngazi, nikaanza dari. Dari halina ugomvi na mtu. Nililipiga mkono wa kwanza, nikalipiga wa pili. Nilikuwa naanza wa tatu, dari jeupe kuliko meno ya mtoto, mama Filimbi alipoingia na kikombe cha chai.

Akakaa kwenye ukingo wa kitanda tulichokifunika nailoni. Macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye kijivu.

Akaniuliza kama baba ameshasaini. Nilitaka kuzungushazungusha, lakini sahihi yenyewe ilikuwa inatukodolea macho wote wawili. Nikasema ndiyo mama.

Hakulia wala hakupandisha sauti. Alinyanyuka, akaichomoa penseli iliyokuwa nyuma ya sikio langu, akasaini kwenye njano.

"Unaliona hilo dirisha?" aliniuliza. "Tangu mwanangu aondoke, baba yake analifungua kila asubuhi na kulifunga kila jioni. Hasemi kitu. Bawaba zinalia kama mbuzi, na hataki mtu azitie mafuta. Sasa huyo ni mtu wa kutaka kijivu?"

Nikaliangalia dirisha.

"Mwanangu akirudi akute chumba chake kama alivyokiacha. Akikikuta kijivu atajua tumemzika mzima mzima. Unanielewa, baba?"

Aliniita baba, jinsi mama mtu mzima anavyomwita kijana anayempenda. Nami nikiwa na barua yangu inayomtesa yule mwanamke miezi minne, nikamjibu sawa mama.

Kwa hiyo jamani, hesabu yangu ilikuwa hivi. Ukuta mmoja, sahihi mbili, na sawa mbili. Na bado saa sita haijafika.

Simu yangu ikatetemeka mfukoni. Filimbi. Nikapanda ngazi mpaka juu kabisa, kana kwamba kule darini sauti haisikiki, nikapokea kwa kunong'ona.

Alikuwa ameamua. Anarudi kwao, tena leo. Amechoka kuishi kama mkimbizi wakati wazazi wake wako mwendo wa nusu saa. Atampigia baba yake magoti, atamwomba msamaha kwa maneno makali aliyomtolea, lakini mimi haniachi. Anataka siku ya harusi mama yake awepo pale mbele.

"Kitu kimoja tu kinaniogopesha," alisema. "Nikikuta chumba changu kiko vile vile, nitajua bado nina kwetu. Nikikuta wamekigeuza, nageuka na begi langu, na huko sirudi tena maishani."

Nikiwa natafuta la kusema, upepo ukalisukuma dirisha. Bawaba zikalia.

Zikasikika mpaka kwenye simu.

"Hilo dirisha," alisema.

Nikamuuliza dirisha gani.

"Sawasawa. Uko chumbani kwangu."

Hapo hata ngazi ilinionea aibu. Nikamweleza yote kwa pumzi moja: kazi ya shemeji, geti, viraka. Nilidhani atanipigia kelele. Aliniuliza swali moja tu, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Wamechagua rangi gani?"

Kulikuwa na majibu mawili ya kweli. Nikampa lile alilotaka.

"Njano."

Nikamsikia anavuta kamasi na kucheka hapo hapo. Akaniambia nisiondoke, anakuja. Akakata.

Nikateremka ngazi kama mtu aliyeumwa na siafu. Nilikuwa na njia moja: chumba kiwe njano kabla hajafika, mengine tutayazungumza mbele. Nikafunua ndoo, nikakoroga, nikachovya rola mpaka ikalewa. Nikaiinua juu ya kiraka cha kijivu, juu kabisa ya sahihi ya mzee.

"Hebu shusha hiyo rola."

Shemeji alikuwa mlangoni.

Akaingia pole pole. Akaisoma sahihi ya kijivu. Akaisoma ya njano. Akanigeukia. Shemeji akikasirika hapigi kelele, anakuwa mpole kama muuguzi, na hapo ndipo uogope. Akataka kujua imekuwaje. Nikamweleza.

"Kwa hiyo huyu ulimwambia sawa, na huyu ukamwambia sawa," alisema. "Na mimi ulitaka kuniambia nini?"

Nikaishusha rola.

Akaniambia dada yangu ndiye amekuwa akimshika mkono siku zote asinifukuze, lakini leo hata akimshika miguu haitasaidia. Kwanza, alisema, tumalize hili kwa heshima. Akatoka kwenda kumngoja mzee barazani.

Ningeweza kuruka dirishani, mnasema. Dirisha lile lina vyuma vya wezi, nami nilikuwa nimevipaka mwenyewe jana yake.

Mzee akarudi kutoka kwa kinyozi, kichwa kinang'aa. Shemeji akamwingiza chumbani na kumwomba radhi, kwamba kijana wake amekosea, amepokea sahihi mbili kwenye kazi moja.

Nilijikunja nikisubiri radi. Mzee akaisogelea sahihi ya mkewe, akainama. Akasema taratibu kwamba ni yake kweli, ila mkono ulikuwa unatetemeka, na kwamba katika miaka yote ya ndoa hajawahi kumwona akisaini kitu bila kumuuliza kwanza. Alivyosema hayo, ungedhani anasoma barua ndefu.

Kisha macho yake yakateleza pembeni kidogo. Kwenye maandishi ya penseli.

Akavua miwani, akaifuta kwenye shati, akaivaa. Akaenda kwenye maandishi ya kiraka cha pili. Akarudi kwenye ya kwanza.

"Aliyeandika hapa ni nani?"

Shemeji akaona nafasi ya kuniokoa, masikini. Akajibu kwa majivuno kabisa kwamba ni huyu kijana, mwandiko wake kama wa mashine, ndicho kitu pekee anachokijua duniani.

Mzee akamshukuru. Akamwomba akakae barazani, mama atamletea chai. Shemeji alipotoka, mzee akafunga mlango, akazungusha ufunguo, akautia mfukoni, katikati ya zile kalamu mbili.

Kwenye mfuko huo huo akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Mikunjo ilikuwa imechakaa kwa kukunjuliwa na kukunjwa. Sikuhitaji kuisoma. Niliitunga mwenyewe, wiki mbili nzima, na kuichana mara tano.

Akachukua tepu yangu, akaibandika barua ukutani katikati ya njano na kijivu. Akaweka kidole kwenye barua, akakihamishia kwenye maandishi ya ukutani. Barua, ukuta. Barua, ukuta. Mkia wa herufi hii, mkia wa herufi ile.

"Mkono mmoja," alisema.

Nimezoea kuwa na mzaha wa kila shughuli, hata msibani. Pale sikupata hata wa kuazima.

"Umemwandikia hapa binti yangu, 'Siku baba yako akinifahamu, hatanikataa.'" Aliyasoma bila kuangalia karatasi. "Haya. Nimekufahamu kwa siku mbili. Nimekuuliza ungechagua rangi gani, ukaogopa kunijibu. Nimekuambia umfiche mke wangu, ukasema sawa. Naye bila shaka kakuambia yake, na kwake ukasema sawa. Siku watu wawili watakapomvuta binti yangu huku na huku, wewe utamwambia nani sawa?"

Lile swali liliniingia mahali ambapo hata Filimbi hajafika.

Nikajua nikisema sawa tena nimekwisha. Nikatafuta ukweli wowote ule niliokuwa nao. Ulikuwepo mmoja.

"Mzee," nilisema, "kama humngojei mtu, mbona kila asubuhi unafungua hilo dirisha?"

Ndilo jibu la kwanza la kiume nililompa mtu siku ile, na ndilo lililoniponza.

Uso wake ulifunga. Hakukasirika, alifunga tu, kama duka. Akaligeukia dirisha akaliangalia, na tukiwa hivyo, mimi naye na rola inayodondosha njano kwenye kiatu changu, tukasikia mluzi.

Mluzi wa kwenye mwanya wa meno, getini.

Ndala za mama zikakimbia koridoni. Geti likagonga ukuta. Pakawa na kilio, si cha msiba, kile kingine. Halafu hatua mbili kwa pamoja zikaja upande wetu, kitasa kikazungushwa, mlango ukagoma.

"Shikamoo baba," Filimbi alisema nje ya mlango.

Miezi minne mzee hakuisikia hiyo shikamoo.  Midomo yake ilijiandaa kusema marahaba. Haikutoka.

Badala yake akaniinamia, akanong'ona, nami nikasikia harufu ya poda ya kinyozi.

"Tumesaini wawili. Inatakiwa sahihi ya tatu, yako. Unachokisaini ndicho unachokichukua. Ukisaini kijivu, kijivu ni chako: unatoka na ngazi yako, humtafuti tena binti yangu, na leo hii hii nakipaka chumba njano kwa mkono wangu, abaki kwao na mama yake. Ukisaini njano, mchukue, nendeni pamoja sasa hivi. Mimi nitabaki na kijivu changu, na hapa hatakuwa na chumba tena."

Nikasema mzee, tafadhali. Akasema hajaniuliza kama ni nzuri.

Akaichukua penseli aliyoiacha mkewe juu ya kitanda, akanipa.

Kitasa kikatikisika tena. Mama akawa anauliza kuna nini, mbona mnajifungia, mtoto amerudi. Filimbi akamtuliza. Kisha akausogelea mlango, nikasikia hata pumzi yake kwenye mbao, na safari hii hakumwita baba yake.

"Sawasawa," aliniita. "Ni njano kweli?"

Barazani kikombe kikaanguka. Nadhani hapo ndipo shemeji naye alipoelewa yuko nyumba gani.

Mzee hakushtuka. Alikuwa anaangalia mkono wangu tu, kama alivyoangalia mikono ya watu miaka thelathini na moja, kuona ni nani anayesema kweli.

Kushoto njano, kulia kijivu, katikati barua yangu. Nilikuwa na "sawa" moja mdomoni, na kwa mara ya kwanza haikutosha watu wawili.

Nikaweka ncha ya penseli ukutani.